Mashine Isiyo na Mtu

Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, laptopu mpya ilisema neno lake la kwanza, na Programa akapiga yowe mpaka mumewe akaiacha friji ya watu uani, imefunguliwa mgongo, akaja mbio na bisibisi mkononi akidhani mtu kapigwa shoti.

"Imesema," Programa akamwambia. "Njoo usikilize. Imesema."

Laptopu ikarudia: "Karibu." Neno hilo tu, kwa sauti ya puani kidogo. Lakini ungekuwa wewe umekaa siku tisa ukiibembeleza mashine iliyokununia, nawe ungeruka. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alimkumbatia kwa mikono yake yenye grisi. Blauzi nyeupe ikaharibika na hakuna aliyejali.

Programa alikuwa anatengeneza Msomaji. Msomaji ni programu ya watu wasioona: kila kilichoko kwenye skrini ya kompyuta, yeye anakisoma kwa sauti, barua, fomu, namba, mpaka vitufe vya kubonyeza. Ilikuwa kazi ya watu wawili tu, Programa pamoja na mwenzake mmoja aliyefanyia kazi kwao, mji mwingine, na kwa miaka mitatu haikuwa imewaletea mshahara. Nyumba ile ilikula friji. Ndiyo, friji za watu zikiharibika, nyumba inakula. Zikiwa nzima, mnatazamana.

Sasa shirika moja linalogawa vifaa lilikuwa linapeleka laptopu mia nne kwenye shule za wasioona, na lilitaka Msomaji awemo ndani. Mkataba ungelipa mishahara ya mwaka mzima. Tabu ni kwamba laptopu hizo zilikuwa na chipu ya ukoo wa simu, na kila ukoo wa chipu una lugha yake. Programu unaiandika mara moja, lakini lazima uitafsiri kwa kila ukoo, kisha ukae uisikilize siku nzima kuona kama imetafsirika sawasawa. Msomaji alikuwa anajua lugha mbili: ya kompyuta za kawaida za siku hizi, zile za biti sitini na nne, na ya mashine kongwe za biti thelathini na mbili. Asubuhi hiyo alijifunza ya tatu.

Mama mkwe wa Programa alitoka chumbani akipapasa ukuta kwa mazoea tu, maana nyumba ile aliijua kuliko wenye macho. Alikuwa haoni tangu utotoni, na alipokea simu kwenye ofisi za watu miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mtaani walimwita Bi Sikio. Akaletewa laptopu mapajani, akaipitishia vidole kuanzia kwenye bawaba mpaka kwenye kona.

"Nyembamba hivi," akasema. "Injini wameiweka wapi?"

Programa akacheka, akamwonyesha vitufe. Kwa nusu saa Bi Sikio aliichezea ile laptopu akiandika majina ya majirani na kusikiliza inavyoyatamka, na alipofika kwa jirani asiyempenda aliirudisha mara tatu. Akaisifia wepesi, akaisifia sauti, kisha akasema kipya kinyemi ingawa kidonda, akairudisha akaenda kwenye kona yake ya simu.

Kona hiyo ilikuwa kiti, meza ndogo na simu ya huduma. Mtu yeyote aliyekwama na Msomaji alipiga namba hiyo, na Bi Sikio alimjibu. Alianza kwa kujitolea, kama mchezo, ili asikae bure. Kila simu ikiisha alichukua kibao chake cha chuma na kalamu yenye ncha ya msumari, akatoboa karatasi nzito kwa maandishi ya nukta nundu, tiki tiki tiki. Nyumba nzima ilishazoea mlio huo mpaka ikawa haiusikii.

Katibu alifika saa nane mchana. Ndiye aliyekuwa anazungumza na mashirika kwa niaba ya mradi, kijana aliyesoma pamoja na Programa, mwenye suruali iliyopigwa pasi na moyo mzuri tu. Kwa ajili ya mkataba huu alikwenda ofisi za shirika mara kumi na moja. Mara moja walimsahau kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kufunga mlango, na yeye akamsaidia mlinzi kufunga madirisha ili asionekane mtu aliyesahauliwa. Hilo hakumsimulia mtu.

Aliamkia shikamoo, akaitikiwa, akakaa. Chai ilipokuja akamgeukia Programa, akamuuliza, "Mama anatumia sukari?"

Bi Sikio alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Alitaja mwenyewe vijiko viwili, bila kugombana, na Katibu akamtilia vitatu kwa aibu.

Kikao kikaanza. Shirika lilitaka Jumatatu, saa kumi jioni, liwe limepata orodha ya aina za mashine ambazo mradi utazihudumia kwa miaka mitatu. Kila aina iliyomo kwenye orodha ni ahadi, na ahadi ikivunjwa mkataba unakufa. Katibu alisema jambo ambalo Programa mwenyewe alishaliwaza mara nyingi: watu wawili hawawezi kubeba aina tatu. Mbili wataziweza. Kompyuta za kawaida hawawezi kuziacha, hizi mpya ndizo zinazoleta mshahara, basi kongwe ziage. Programa akampa takwimu. Kila Msomaji akipata intaneti hutuma salamu nyumbani na kusema anakaa kwenye mashine ya aina gani. Mwezi uliopita zilikuja salamu elfu sita na ushee. Za mashine kongwe, thelathini na nane.

"Thelathini na nane," Katibu akasema kwa furaha. "Hao tunaweza hata kuwaandikia barua ya pole mmoja mmoja."

Tena kulikuwa na sheria ya mradi, na sheria hiyo aliitunga Programa mwenyewe. Mashine isiyo na mtu haiingii kwenye orodha: kila aina lazima iwe na msimamizi anayejulikana. Msimamizi wa mashine kongwe alikuwa ameacha mradi tangu mwaka jana alipopata kazi kwingine, na nafasi yake ilikuwa wazi. Programa alisikia moyo ukimchoma kidogo, maana kompyuta ya mama mkwe wake ilikuwa kongwe pia. Akajiambia atampa mojawapo ya hizi mpya, na moyo ukatulia.

Mashirika yanapenda karatasi, kwa hiyo alikuwa ameshaichapa taarifa yenye takwimu hizo, nakala kadhaa. Akamgawia Katibu, akamgawia Fundi, na kwa sababu lile jambo la sukari lilikuwa bado linamsumbua, akamwekea na Bi Sikio moja mkononi. Hebu fikiri, kumpa asiyeona karatasi ya wino. Lakini adabu ikizidi nayo hupoteza akili.

Bi Sikio aliipokea, akashukuru. Vidole vikapita juu ya karatasi. Vikasimama. Akaigeuza upande wa pili, akaanza upya kutoka juu, polepole.

"Mwanangu," akasema, "karatasi hizi umezitoa wapi?"

Programa akajibu kwamba amezitoa kwenye rafu ya chumbani kwa Mama, zile nzito. Printa ilikwama mara mbili lakini mwisho zikapita. Alidhani ni karatasi za zamani.

"Ulidhani hazina kitu."

Programa akaipapasa nakala iliyobaki mkononi mwake. Damu ilimpanda usoni. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga hawakumjua Programa. Miaka minane anawatengenezea wasioona programu, anaalikwa mikutanoni kuwaeleza watu habari za wasioona, na nukta nundu hakujifunza hata herufi moja. Kwake karatasi isiyo na wino ilikuwa karatasi tupu.

Bi Sikio hakuinua sauti. Alisoma tu, kidole kikitembea chini ya takwimu za mkwe wake.

"Mpokea simu wa hospitali. Thelathini na mbili. Intaneti hana. Mwalimu wa muziki. Thelathini na mbili. Intaneti hana. Huyu mchua misuli, ana chumba chake karibu na stendi. Thelathini na mbili, hana. Karani wa mahakama. Hapa printa imesaga, sipati vizuri. Karani mwingine. Thelathini na mbili." Akainua uso. "Ukurasa mmoja watu tisa, na saba ni kongwe. Sasa hao thelathini na nane wako ni kina nani?"

Fundi aliikodolea macho nakala yake, akaigeuza huku na huku. Katibu alikuwa wa kwanza kuelewa, na alipoelewa aliiweka chai chini. Mashine isiyo na intaneti haiwezi kutuma salamu. Walikuwa wamewahesabu waliopiga hodi, wakasema ndio watu wote waliopo duniani.

Alimuuliza Bi Sikio, safari hii yeye mwenyewe, jumla ni wangapi. Bi Sikio akasema hajui, hakuna aliyewahi kutaka jumla.

Jumapili walihesabu. Bi Sikio alikaa kitandani na miaka minne ya karatasi, mabunda kumi na sita yaliyofungwa kamba, akasoma. Programa akakaa chini sakafuni akiandika. Ilianza kama adhabu. Kufika saa nne asubuhi ilikuwa imegeuka kitu kingine kabisa, maana kila mtu aliyesomwa alikuja na habari zake. Huyu aliwahi kupiga simu analia kwa sababu Msomaji alisema "faili limefutwa", kumbe ni la mtu mwingine. Yule hupiga kila Ijumaa, hana tatizo lolote, anataka tu kusalimia. Programa alicheka mpaka akashika mbavu. Miaka minane alikuwa anawafanyia kazi watu hawa na leo ndiyo kwanza anawasikia.

Bi Sikio alijuaje aina ya mashine? Kila anayepiga alimwambia abonyeze kitufe cha maelezo na asogeze simu. Msomaji mwenyewe anajitaja. Kitufe hicho Programa ndiye aliyekiweka, zamani, akakisahau.

"Mbona hukuniambia, Mama?" hatimaye akauliza.

"Ulikuwa unaniuliza, Mama umeshindaje. Nakwambia salama."

Kurasa kumi na nne zilipita kwenye printa. Tano zilikuwa zimesagika hazisomeki kabisa, na Programa alizipanga pembeni moja moja. Zilizobaki zilitoa jibu saa saba mchana: mashine kongwe elfu moja mia mbili na sita. Na hao ni waliowahi kupata shida wakapiga simu.

Akampigia Katibu. Katibu akasema maneno ambayo hayakuwa ya ubaya. Idadi ni kubwa, ameona, ameumia. Lakini mwenzao wa mji mwingine ana kazi mpaka shingoni, na Programa ana laptopu za kumalizia. Hao watu si wanaye Msomaji wa zamani, na atabaki humo humo? Programa akamweleza: atabaki mpaka siku ofisi zao zitakapobadilisha fomu, na hospitali ilikuwa inabadilisha mwezi ujao. Siku hiyo Msomaji wa zamani atakuwa bubu, na mpokea simu naye atakuwa hana kazi.

"Sasa nani atazipima?" Katibu akauliza. "Dada, nakuuliza kama rafiki. Huruma haipimi programu. Na kwenye nafasi ya msimamizi nitaandika nini?"

Programa akakata simu akakaa. Fundi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alimwambia mkewe kwamba hamfichi, ule mshahara ameshauota. Ameota amemkatalia mteja mmoja msumbufu, ameota amelala mchana. Halafu akasema ndoto haijamuua mtu, afanye anavyoona ni haki.

Bi Sikio alikuwa anafunga mabunda yake. "Huko kupima mnakokusema kila siku," akauliza, "mtu anafanya nini hasa?"

"Anasikiliza, Mama. Anatumia Msomaji kwa kazi zake, anasikiliza kila neno, pakiharibika anaandika pameharibika wapi."

Bi Sikio alianza kucheka. Alicheka kimyakimya kwanza, mabega tu, kisha akaachia, akatafuta ncha ya khanga akajifuta macho.

"Kusikiliza," akasema. "Mmekosa watu wa kusikiliza. Nipe simu."

Mambo yaliyofuata nyumba ile itayasimulia miaka. Programa alilitafsiri toleo jipya kwa mashine kongwe ndani ya saa moja. Fundi alifuta muziki kwenye flashi zake zote, hata ile aliyoapa hataifuta, akazijaza programu, akawasha pikipiki. Bi Sikio akakaa kwenye kona yake akapiga simu moja baada ya nyingine, na kila aliyepokea aliambiwa jambo moja: kesho fanya kazi zako kama kawaida, lakini sikiliza kama mtu anayetafuta ugomvi. Wa mjini waliletewa flashi mlangoni. Wa mbali waliwatuma wapwa na majirani kwenye duka la intaneti. Mchua misuli alisema ana wateja watano asubuhi, atajaribu katikati yao. Mwalimu wa muziki aliuliza kama anaruhusiwa pia kulalamikia sauti yenyewe ya Msomaji, maana inaimba nje ya ufunguo tangu aijue. Akaruhusiwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ilianza kulia na haikunyamaza. Programa alitoa meza ndogo akaiunganisha na ya mama mkwe wake, yeye na laptopu yake huku, mwenzake na kibao cha chuma kule. Bi Sikio alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu makali, akatoboa, akatamka tatizo kwa maneno machache, na Programa akalitafuta kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu. Herufi moja inamezwa mwishoni mwa mstari. Imerekebishwa. Kitufe cha kurudi kinasomwa mara mbili. Imerekebishwa. Saa tano walikuwa wamepata watu ishirini na watatu, na Programa alikuwa anatetemeka kwa raha. Katika maisha yake yote hajawahi kupimiwa kazi na watu ishirini na watatu kwa asubuhi moja. Mashirika makubwa yana majengo mazima ya kazi hiyo.

Katibu alifika saa sita na tai shingoni, kuchukua orodha. Alisimama mlangoni akiwa na maneno yake tayari, na hakupata pa kuyaweka, kwa sababu wakati huo huo alipiga mpokea simu wa hospitali.

Sauti yake ilisikika chumba kizima. Alisema kwamba daktari wa zamu ana namba ndefu, ile yenye msimbo wa nchi mwanzoni. Namba hiyo yeye anaijua kwa kichwa. Amemfungulia Msomaji aisome, na Msomaji akasoma namba nyingine kabisa. Ameipiga, akaambiwa haipo. Ameifungua upya, ni vile vile.

Bi Sikio alimuuliza namba fupi zinakuwaje. Fupi ziko sawa. Akauliza kama Msomaji wa zamani alikuwa anaikosea. Hapana, hili ni la huyu mpya.

Programa alikuwa ameshaganda. Siku chache nyuma, katika zile pilikapilika za laptopu mpya, alibadilisha namna ya kusoma namba: badala ya kuzisoma tarakimu moja moja kama maandishi, alizitia zote kwenye kapu moja la hesabu. Kwenye mashine mpya kapu hilo ni kubwa. Kwenye kongwe ni dogo, tarakimu zinamwagika, na kinachobaki kapuni ni namba isiyo ya mtu.

"Basi hiyo ni shida ya kongwe," Katibu akasema kwa upole. "Ndicho nilichokuwa nasema. Mpya hazina neno."

Programa hakumsikia. Alikuwa anajiuliza jambo jingine. Kapu la mashine mpya ni kubwa, ndiyo, lakini ni kubwa kiasi gani? Akamwomba Katibu namba moja ya usajili ya wanafunzi watakaopewa laptopu. Katibu alikuwa nayo kwenye mkoba, tarakimu ishirini kwa kila mwanafunzi. Kwa namba hizo ndipo wangefungua mitihani yao. Programa akaiandika kwenye laptopu mpya, ile nyembamba, nzuri, iliyosema karibu. Akabonyeza.

Laptopu ikasoma namba nyingine.

Wakasikiliza mara ya pili, Katibu akifuata kwa kidole kwenye karatasi. Tarakimu ya tatu haikulingana, wala ya nne, wala ya mwisho. Shule zote, laptopu mia nne, mtoto asiyeona anasikiliza namba yake, anaiandika kama alivyoisikia, na mlango haufunguki. Katibu aliivuta tai ikalegea. Alifikiria lile benchi na yule mlinzi, na safari ya kumi na mbili ambayo angekwenda kueleza haya, akakaa kwenye kiti cha karibu bila kuangalia ni cha nani.

"Kongwe ndiyo imetuonyesha," Programa akasema. "Kapu lake dogo, limemwagika mapema tukaona. Mpya zingetuficha mpaka siku ya mtihani."

Rekebisho lenyewe lilikuwa mistari mitatu. Saa saba na nusu daktari wa zamu alisomwa sawasawa, na saa nane mwanafunzi wa tarakimu ishirini naye akasomwa sawasawa. Mpokea simu wa hospitali aliomba kuongea na huyo mtengenezaji, wakapeana pongezi, na Programa akamwomba radhi kwa jambo ambalo yule wa hospitali hakulijua.

Ikabaki orodha. Katibu aliifungua kwenye meza, aina tatu, moja chini ya nyingine. Mbele ya kompyuta za kawaida aliandika jina la yule mwenzao. Mbele ya mpya, Programa. Mbele ya kongwe kalamu ikasimama.

"Andika Mama," Programa akasema.

Katibu alisita. Alieleza kwamba watauliza kama msimamizi anajua kuandika msimbo, watauliza umri. Programa akamwambia aisome sheria kama ilivyo. Akaisoma kwa sauti: msimamizi ni mtu anayeipima aina hiyo katika kila toleo, na kuwajibu wanaoitumia. Haikusema zaidi ya hapo. Katibu akaisoma tena kimoyomoyo, akamgeukia Programa.

"Unadhani ataiweza miaka mitatu?"

"Katibu," Bi Sikio akasema, "mimi niko hapa. Niulize mimi."

Kijana wa watu aliona haya mpaka masikioni. Alikigeuza kiti chake chote, akakiweka uso kwa uso na mama yule, akamuuliza kwa heshima zake zote kama yuko tayari kuwajibika kwa mashine hizo kwa miaka mitatu. Bi Sikio akamuuliza kuwajibika maana yake nini. Maana yake, Mama, likiharibika unaulizwa wewe. Bi Sikio akafikiri kidogo. Akasema kwa miaka thelathini alilaumiwa kwa makosa ya wakubwa wa ofisi nzima, kwa hiyo kulaumiwa kwa ya kwake itakuwa mapumziko. Lakini ana sharti: mkataba ukipita, alipwe kama hao wawili, asiitwe mtu wa kujitolea tena. Fundi alikohoa uani. Katibu akasema hilo ni haki, na akaliandika.

Kwenye nafasi ya saini Katibu alianza kutafuta kidau cha wino wa dole gumba, akajizuia katikati, akamkabidhi kalamu. Programa alimwekea mama mkwe wake rula chini ya mstari. Bi Sikio akasaini, herufi kubwa za kuegemea kulia, na mkia wa mwisho ukapita nje ya karatasi ukaingia mezani.

Orodha ilitumwa saa tisa na nusu. Saa kumi ikapita bila jibu. Saa kumi na robo Fundi alikuwa amezima redio, Katibu amesimama dirishani, na Programa anatafuna ukucha. Aina tatu badala ya mbili. Msimamizi mwenye umri wa miaka sitini na minane. Kila mmoja alikuwa anausikia ule mshahara ukielekea mlangoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Simu ya huduma ikalia. Bi Sikio aliipokea kama anavyopokea zote.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Alijitambulisha kuwa ndiye ofisa wa mikataba wa shirika. Alisema ana orodha yao mbele yake na kalamu mkononi, na kabla hajatia saini kuna jambo moja amezoea kulihakiki mwenyewe, maana miradi mingi humwandikia majina ya watu ambao hawapo.

"Naomba kuongea na msimamizi wa mashine kongwe," akasema. "Nataka tu kujua kama kweli yupo."

Miaka thelathini kila aliyemtaka mkubwa alimwambia asubiri aunganishwe. Bi Sikio alijiweka sawa kwenye kiti, akavuta kibao chake karibu.

"Yupo," akasema. "Unaongea naye. Uliza."